Bolti Mbili za Winchi ya Chumvi

Soma taratibu mpaka chini, kisha umtumie yule rafiki yako ambaye kila kitu lazima akikaze.

Katika kiwanda kimoja cha chumvi huko pwani palikuwa na mafundi chuma wawili, Changawa na Sefu. Winchi ya kupandisha magunia ilihitaji bolti mpya, na chini ya winchi ile ndipo alipofanya kazi Kadzo, mke wa Changawa.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba aliyetengeneza bolti husimama chini ya mzigo siku ya kwanza. Akitoka salama, basi, hakuna anayeuliza tena.

Kila mmoja alitengeneza bolti yake ili ichaguliwe iliyo bora, na wote wawili walitumia chuma kile kile kisichoshika kutu, kinachopata ugumu wake tanurini. Sefu aliitoa bolti yake pale ilipofikia ugumu wa mwisho kabisa. Changawa alizidisha moto, akaiacha yake ndani mpaka ugumu ukapungua kidogo.

"Wewe unapika chuma au maharage?" Sefu akamcheka.

Zilipopimwa, ya Sefu ilibeba mzigo mkubwa zaidi. Karakana nzima ikapiga makofi.

"Nasimama chini yake leo hii!" Sefu akatamba.

Changawa hakutetereka. Akamgeukia Bi Mwanaidi, msimamizi wao.

"Mama, leo hata mimi ningesimama. Lakini mke wangu atasimama pale kila siku. Naomba zikazwe sawasawa kwenye fremu ya chuma, zikae nje kwenye hewa ya chumvi miezi mitatu, bila mzigo."

"Na yako ikikatika?"

"Nafungasha vifaa vyangu naondoka."

Sefu alikubali huku akicheka. Kila asubuhi aliifuta bolti yake, nayo iling'aa kama kijiko kipya, haina hata doa la kutu.

Wiki ya tisa, watu wakinywa chai, wakasikia "ta!" Hakuna aliyekuwa karibu na fremu. Bolti ya Sefu ilikuwa vipande viwili, bado inang'aa. Ya Changawa ilikuwa nzima.

Sefu akaokota kipande.

"Na hii nilitaka kuifunga juu ya kichwa cha mkeo," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nifundishe."

"Chuma kigumu mno, kikikazwa kwenye hewa ya chumvi, huota ufa ndani hata kama hakina kutu. Njoo tanurini," Changawa akamjibu. "Ila uje na subira ya kupika maharage."

Funzo: Usipime mtu wala kitu kwa nguvu za siku ya kwanza. Anayejikaza kupita kiasi hupasuka ndani kimya kimya huku nje aking'aa. Kulegeza kidogo si udhaifu, ndiko kudumu.