Fisi Aliyetumwa Kuutazama Mji

Hadithi hii ni ya kuchekwa, na atakayenuna tutajua ni jamaa yake Fisi.

Zamani, wanyama walipokuwa wakijibizana kama sisi tunavyojibizana sokoni, Bonde la Mikoche lilikauka. Mvua ilikosa mwaka wa kwanza, wakasema itakuja. Ikakosa mwaka wa pili, wakanyamaza. Bwawa lililokuwa likimfunika Kiboko mpaka masikio sasa lilimfika kwenye vifundo vya miguu, naye akabaki amesimama katikati kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa anaoga. Mamba alihama bila kuaga.

Korongo waliopita angani walileta habari za mji mmoja nyuma ya vilima vya mashariki, uitwao Kandokando. Walisema una miti ya kijani na moshi wa vyakula. Bonde zima likachangamka. Wengine walianza kufunga mizigo siku ileile, na Pundamilia akaaga hata mawe.

Lakini Simba aliitisha mkutano. Simba alikuwa na kiu kama wote, ila kiburi chake kilikuwa bado hakijakauka.

"Mimi sihami kama kuku aliyefukuzwa jikoni," alinguruma. "Mji utazamwe kwanza."

Katika hili alikuwa na haki, na Bi Kobe, mkubwa wa wote bondeni, alimuunga mkono.

"Safari ni ya siku tatu na njiani hakuna hata tone," alisema. "Tukihama wote na vitoto vyetu, maji tuliyonayo yanatosha kwenda, hayatoshi kurudi. Tukikuta mji mbaya, tumekwisha. Tukichelewa hapa, tumekwisha vilevile. Aende mmoja akatazame, arudi upesi."

Kabla hajafunga mdomo, mkono wa Fisi ulikuwa juu.

"Nitakwenda mimi," alisema Fisi, akijifuta chozi ambalo halikuwapo. "Kwa uchungu wa bonde langu. Sihitaji makubwa. Masurufu tu ya njiani: kikapu cha mihogo mikavu, chungu cha asali, kibuyu cha maji. Na posho ya miguu."

"Posho ya miguu ndiyo nini?" aliuliza Sungura, aliyekuwa amejilaza kwenye kivuli cha masikio yake mwenyewe.

"Kikapu kingine cha mihogo. Ninayo miguu minne, ndugu yangu. Nimeomba kikapu kimoja tu kwa sababu ya uzalendo."

Wakampa. Wakamsindikiza kwa vigelegele mpaka kwenye kichuguu cha mwisho, na Nyani akambebea vikapu mpaka akachoka.

Siku ya nane Fisi alirudi. Wote walimkimbilia.

"Mji ni mzuri," alisema, na watu wakaanza kurukaruka. "Mzuri mno. Ila kuna jambo. Mfalme, lango la mji ni fupi. Ukipita, manyoya yako ya kichwani yatakwaruzika."

Simba aliyashika manyoya yake. "Yatakwaruzika?"

"Pembeni kidogo. Labda kuna lango jingine upande wa nyuma. Itabidi nirudi nikatazame."

"Rudi!" alinguruma Simba. "Rudi haraka!"

Fisi akapewa masurufu mengine, akaenda. Bwawa likapungua, Kiboko akalowa kwato tu. Fisi aliporudi alisema lango la nyuma ni refu, tena la fahari, lakini wenyeji wa Kandokando husalimia wakubwa wakiwa wameketi.

"Wameketi?" Simba aliuliza, sauti ikimpanda.

"Wameketi, mfalme. Wengine wanatafuna. Nadhani ni kwa sababu hawajaelezwa wewe ni nani. Nipeni safari moja nikawaeleze."

Akapewa. Safari hiyo kibuyu kilijazwa kwa kukwangua chini ya bwawa na kigae, maji yakatoka na tope. Fisi akaenda, akarudi. Wenyeji walikuwa wamekubali kusimama, alisema, lakini yeye bado hajaona soko lao siku ya mvua, na mtu hawezi kupeleka taifa zima mahali ambapo hajaona soko lake siku ya mvua.

Wanyama waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wamekonda hata vichwa vimekuwa vizito kuitikia. Fisi peke yake ndiye aliyenawiri. Tumbo lake lilifagia vumbi alipotembea, na mgongo wake wa mteremko sasa ulikuwa karibu unyooke.

Sungura alimwendea kwa mikono miwili. "Kaka Fisi! Pole na safari!" Akamkumbatia kwa nguvu, pua yake ikicheza. Masharubu ya Fisi yalinukia iliki. Nyuma ya sikio lake palikuwa na punje ya wali, imetulia kama inangoja kuitwa.

Sungura alimwachia, akampisha apite. Alifahamu vizuri kwamba Simba alikuwa amedanganywa mara tatu mbele ya watu wote, na mwenye kiburi hamkasirikii aliyemdanganya, humkasirikia anayemwambia. Akangoja mpaka Fisi alipoomba siku tano za kupumzika na "kutayarisha ripoti", akaenda kwa Bi Kobe.

"Bibi, nataka kwenda Kandokando. Mwendo wa siku tatu wa Fisi, mimi nitaumaliza kwa siku moja na nusu. Lakini sina maji."

Bi Kobe aliipima miguu ya Sungura kwa macho. Kisha akasukuma mbele kifuu chake, chenye mgao wake wa siku mbili.

"Bibi, na wewe utakunywa nini?"

"Mimi nimezoea kungoja, mwanangu. Kimbia tu."

Sungura alikimbia. Alikimbia mpaka masikio yakabaki nyuma. Na alipofika Kandokando alisimama akacheka peke yake kwa furaha, kwa sababu korongo hawakuongopa hata kidogo. Migomba ilisimama kando ya njia, bata walikuwa wakigombana ndani ya mfereji wa maji safi, na lango lilikuwa refu kiasi cha kumpitisha Twiga akiwa amembeba Twiga mwingine.

Langoni alikaa Bibi Nungunungu, miiba yake imechanwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutazama au umekuja kukaa?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa! Anayekuja kutazama ni mgeni. Tunampikia pilau, tunampigia ngoma, anakula mpaka aombe msamaha. Anayekuja kukaa ni mwenyeji. Huyo anapewa kiwanja na jembe, na anaanza hapohapo kuchimba kisima cha mtaa wake. Mji wetu ulijengwa hivyo, mtaa mmoja kisima kimoja."

"Na bwana mmoja mwenye mgongo wa mteremko, mnamjua?"

"Bwana Mtazamaji!" Nungunungu alipiga makofi. "Amekuja mara tatu. Jamani, yule anatazama kwa meno! Tumempikia hata mchele ghalani ukawa unamkimbia. Kila akimaliza anasema watu wake ni wazito, bado hawajaamua. Sisi kiwanja chenu tumeshakitenga zamani, upande wa mashariki, chenye kivuli."

Sungura akaelewa yote. Fisi hakuwa na shida na mji. Alikuwa na shida na kuhama, maana siku watakayohama, hakutakuwa tena na masurufu bondeni wala pilau langoni. Sungura alikasirika mpaka mguu wake wa nyuma ukapiga chini wenyewe. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni Sungura, akatabasamu.

"Bibi, nikupe siri. Bwana yule anatamani sana kuwa mwenyeji, ila anaona haya. Kwetu mtu mwenye adabu akipewa kitu kizuri hukataa kwanza. Akikataa kidogo, anataka kidogo. Akikataa kwa kelele, anakitaka kwa moyo wote."

"Maskini!" alisema Nungunungu. "Kumbe tulikuwa tunamnyima!"

Sungura alionja maji ya kila kisima, akajaza kifuu, akarudi mbio.

Alimkuta Simba amelala juu ya mwamba, ulimi nje.

"Mfalme, Fisi kesho anaondoka tena. Nimewaza jambo. Ripoti zake ni nzuri, lakini zinapoa njiani."

"Ripoti hupoa?"

"Siku tatu, mfalme! Ikifika hapa imeshakuwa kama uji wa jana. Mfalme kama wewe anastahili ripoti ya moto. Vipi akitangulia yeye, sisi tukamfuata nyuma nusu siku, na mizigo yetu yote, ili aitoe ikiwa bado inafuka?"

Simba alifikiri. "Wazo hilo nilikuwa nalo tangu jana," alisema.

"Nilikuona unalo, mfalme."

Habari zikaenea, na sasa hofu ikaingia. Maji yaliyobaki yalikuwa ya safari moja. Mama Swala aliwavuta watoto wake karibu. Hakuna aliyetaka kuinua mguu wa kwanza. Bi Kobe alijivuta mpaka alipokuwa Sungura, akamsogelea sikio.

"Maji ya kule, umeyaonja wewe mwenyewe? Kwa ulimi wako?"

"Nimeyaonja, bibi. Na haya hapa ni yako." Akampa kifuu.

Bi Kobe alikunywa mafunda mawili, akafumba macho, na chozi la kweli likamtoka, la kwanza kuonekana bondeni baada ya miezi mingi. "Nibebeni," alisema. "Tunahama."

Basi Fisi akatangulia na masurufu yake, akiimba, hana habari. Nyuma yake, nusu siku, bonde zima lilikuwa njiani. Kiboko alitembea akijimwagia vumbi na kujidanganya kwamba ni maji. Bi Kobe alipanda juu ya Nyati, akawa anasema, "Polepole, jamani, mimi sijazoea mwendo wa hatari!"

Fisi alifika langoni amejifunga kitambaa shingoni tayari. Ngoma zilikuwa zinalia. Pilau lilikuwa linafuka kwenye sufuria kubwa.

"Nimekuja kutazama!" alipaza sauti, na mate yakamdondoka.

"Karibu nyumbani!" Nungunungu alijibu, akamkabidhi jembe.

Fisi alilitazama jembe, akaligeuza, akatafuta upande wenye chakula. "Hili la nini?"

"La kwako! Umekuwa mwenyeji!"

"Hapana. Mimi ni mgeni. Sitaki."

"Mnamsikia?" Nungunungu aliwageukia wenzake. "Anakataa kidogo."

"Nimesema sitaki! Mimi ni mtazamaji! Nipeni pilau!"

"Anakataa zaidi! Ana adabu kijana huyu!"

"SITAKI KUKAA!" Fisi alipiga yowe mpaka bata wakaruka mferejini.

Umati ulishangilia. Wazee walifuta macho. Hawakuwahi kuona mtu anayetamani mji wao kwa moyo wote namna ile. Wakambeba juujuu, wakampeleka kiwanja cha mashariki, wakamsimamisha mahali pa kisima. Fisi aligeuka akimbie, na alipogeuka aliona vumbi. Ndani ya vumbi alikuwamo Simba, na nyuma ya Simba Bonde la Mikoche lote na vyungu vyake vichwani.

Simba alisimama. Akaliona lango refu. Akawaona wenyeji wote wamesimama. Akamwona Fisi na jembe.

"Fisi," alisema, "unafanya nini na hilo?"

Fisi alifungua mdomo. Alikuwa na njia mbili tu: kusema kwamba alikuwa amekuja kula, au kuchimba. Alitazama kucha za Simba, akaona kwamba kuchimba kuna afya zaidi.

"Nilitaka... nilitaka mkute maji tayari, mfalme."

Simba alitokwa na machozi. "Bonde letu lina watu!" alinguruma. "Kwa uaminifu huu, Fisi, nakupa heshima. Kisima hiki utakichimba peke yako. Mtu yeyote asimsaidie!"

Sungura ilibidi ajifiche nyuma ya mgomba, maana kicheko kilikuwa kinamtoka kwa masikio.

Pilau likagawiwa watoto wa Swala kwanza, kisha wote. Fisi alichimba. Alichimba siku nne, mihogo ikamtoka, asali ikamtoka, pilau la safari tatu likamtoka kwa jasho, na mgongo wake ukarudi kwenye mteremko wake wa kuzaliwa. Siku ya tano akagonga maji. Mtaa mzima ulipiga kelele za shangwe, na Kiboko akaomba aachiwe aingie, akakataliwa kwa kura zote.

Mwaka uliofuata mtaa ulitaka kumtuma mtu akatazame malisho mapya ng'ambo ya vilima, maana ya karibu yalianza kupungua. Mkono wa Fisi ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Watu walicheka mpaka baadhi yao wakakaa chini, na Fisi mwenyewe akacheka, kwa kuwa mkono uliinuka bila kumuuliza.

Wakamtuma Mama Swala, aliyekuwa ananyonyesha na hakutaka hata kidogo kwenda. Alirudi siku ya tatu akihema, akasema, "Majani yapo. Twendeni." Nao wakaenda.

Na mpaka leo mtaani kwao, wakitaka kumtuma mtu akawatazamie jambo, hawaulizi nani anapenda kwenda. Wanauliza ni nani ambaye watoto wake wana njaa.