Nguchiro na Mieleka ya Makoti

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kusutana kama sisi, palikuwa na bonde liitwalo Mkongoni. Wakati wa mvua maji yalikuwa tele. Lakini kiangazi kilipoingia, lilibaki bwawa moja tu, nalo si kubwa.

Sasa, bwawa moja na wanyama wote wale, nani anywe kwanza? Wakaazi wa Mkongoni walikuwa na desturi yao. Kila kiangazi kilipoanza walishindana mieleka, na bingwa ndiye aliyepanga zamu za maji mpaka mvua zirudi.

Miaka mitatu mfululizo bingwa alikuwa Nyati. Shingo nene kama gogo! Mbavu kama boriti! Zamu zake alizipanga hivi: kwanza yeye, kisha rafiki yake Ngiri, kisha wakubwa wengine. Wakishakunywa, walijitosa humo humo wakaoga. Chubwi! Chubwi! Wakitoka, wadogo walikuta tope.

Katika bonde hilo aliishi Mama Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Mwembamba, miguu mifupi, mkia mrefu, hatulii mahali pamoja. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Kidawa. Kiangazi kilichopita Kidawa alikunywa lile tope, akaugua tumbo siku tisa. Mama yake alimchujia maji kwa kitambaa, akamchemshia, akamuuguza. Kidawa alipona, lakini alibaki amekonda, macho yametumbukia ndani.

Basi mwaka huu, mbiu ya mieleka ilipopigwa, Nguchiro alikwenda moja kwa moja uwanjani kwa Korongo. Korongo ndiye aliyekuwa mwamuzi. Miguu yake mirefu ilimfanya aone kila kitu kutoka juu, na hakuwa akimpendelea mtu.

"Bwana Korongo, niandike na mimi."

Korongo aliinamisha shingo yake chini, chini, chini, mpaka wakatazamana. "Nikuandike kwenye nini, mama?"

"Kwenye mieleka."

Loo! Wanyama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ngiri alicheka mpaka akakohoa. Nyati hakucheka sana. Alikuwa bingwa, na bingwa hujiheshimu.

"Mama Nguchiro," alisema Nyati, "nenda nyumbani ukapike. Mimi nikikukanyaga kwa bahati mbaya watu watasema nimeua."

"Ahsante kwa kunihurumia, Mzee Nyati," Nguchiro alijibu kwa adabu. "Hata hivyo nimekuja na maneno mawili, na yote ni kwa faida yako."

"Faida yangu? Haya, sema."

"Mwaka jana ulimbwaga Swala chali, puu! Mchezo ukaisha kabla wenzio hatujakaa vizuri. Mimi nilitoka mbali kuja kukutazama, nikaona vumbi tu. Hivi raha iko wapi? Kuanguka chali kusiwe kushindwa. Mchezo uendelee mpaka mmoja aseme mwenyewe kwamba basi, kwa kugonga ardhi mara tatu. Hapo ndipo tutakuona vizuri."

Nyati alinyoosha shingo. Maneno hayo yalimwingia. "Kweli," alisema. "Hawanioni vizuri."

"La pili," Nguchiro aliendelea, "mimi manyoya yangu yanateleza. Wakubwa watasema nimewaponyoka kama kambare. Haifai! Kila mmoja avae koti zito la katani, lenye ukosi na mshipi, ili mpate pa kunishika."

Ngiri alipiga kelele kwa furaha. "Jamani! Huyu anajisokotea kamba ya kujinyonga! Tukubali, tukubali upesi kabla hajapata akili!"

Korongo aliwatazama wote. "Mmekubali?"

"Tumekubali!"

"Basi imekuwa sheria. Haitabadilishwa uwanjani, isipokuwa wapinzani wote wawili wakiafikiana."

Nguchiro alishika njia ya nyumbani. Njiani aliwaza: kusema ni rahisi, kutenda je? Kabla ya kufika kwake, alibisha hodi kwa jirani yake, Kakakuona.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani. Mbona unahema?"

Nguchiro alimweleza yote. Kakakuona alisikiliza huku magamba yake yakilialia, kacha, kacha.

"Mimi sijawahi kumwangusha mtu maishani mwangu," alisema Kakakuona. "Lakini simba wamenilalia, fisi wamenilalia, wote wamechoka wakaenda zao. Nikishajikunja, hakuna anayenifungua. Ukitaka, nitakufundisha kulaliwa."

"Kulaliwa?"

"Ndiyo. Wewe utaangushwa tu, usijidanganye. Mchezo wako utaanzia chini."

Wakaanza siku ile ile, nyuma ya nyumba, juu ya majani makavu. Nguchiro alilala chali, Kakakuona akapanda juu yake na magamba yake yote.

"Yallah! Nakufa!" Nguchiro alipiga ukelele akagonga ardhi, pu-pu-pu!

Kakakuona alishuka. "Hujafa. Umeogopa. Tena."

"Pu-pu-pu!"

"Tena."

Kidawa alikaa kando akihesabu. Jioni alisema, "Mama, leo umegonga mara thelathini na moja." Siku ya nne Nguchiro alikwenda kujifungia jikoni akalia kimya kimya, mbavu zikimuuma, ngozi ya kiwiko imechubuka. Alijiuliza ni pepo gani lililompeleka kwa Korongo. Kisha, kupitia upenyo wa mlango, alimwona Kidawa akiinamia mtungi, akipima kwa kata maji yaliyobaki, akijimiminia kidogo tu ili mama yake apate mengi. Nguchiro alifuta macho akatoka nje.

"Jirani, njoo unilalie."

Siku zikapita. Kakakuona alimfundisha kupumua polepole, kwa tumbo, anapokandamizwa. Alimfundisha asipambane na uzito bali aupishe upite. Alimfundisha kushika ukosi wa koti pande mbili na kuuvuta mpaka shingo ya mtu ikose nafasi.

"Lakini shingo ya Nyati!" alisema Nguchiro. "Hata mikono yangu kumi haiizunguki."

"Nani amekuambia upigane na Nyati mzima?" Kakakuona aliuliza. "Nyati mzima haiwezekani. Tafuta kipande kimoja cha Nyati, kisha wewe mzima upigane na kipande hicho."

Siku ya mwisho Kidawa alisema, "Mama, leo hujagonga hata mara moja. Bi Kakakuona ndiye aliyegonga. Mara mbili."

Kakakuona alijifanya hakusikia.

Siku ya mieleka ikafika. Wanyama walijaa mpaka juu ya vichuguu, kila mshindani na koti lake. La Nyati lilikuwa zito kuliko yote, ukosi wake mnene kama mkungu wa ndizi. La Nguchiro lilimpwaya kidogo, akakaza mshipi.

Kura ikapigwa. Nguchiro kwa Ngiri!

"Alaa, nimeletewa kitafunwa," alisema Ngiri.

Korongo aliinua bawa. "Haya!"

Ngiri alikuja kasi, vumbi nyuma yake, vuu! Akamshika Nguchiro koti, akamrusha chini, puu! Umati ukashangilia. Ngiri akasimama, akapunga mkono.

"Mchezo bado," alisema Korongo.

"Bado vipi? Si yuko chali?"

"Sheria uliishangilia mwenyewe. Hajagonga."

Ngiri alirudi kwa hasira, akamlalia Nguchiro ili amkandamize. Ndicho alichokuwa akingojea Nguchiro. Mkono wa kulia ukaingia kwenye ukosi wa Ngiri, wa kushoto ukaingia upande wa pili, miguu ikamzunguka kiuno. Akavuta. Kadiri Ngiri alivyosukuma mbele, ndivyo ukosi ulivyokaza.

"Khhh," alisema Ngiri.

"Unasemaje, bwana?" aliuliza Nguchiro.

"Khhh!"

Pu! Pu! Pu!

Halafu, kutoka nyuma walikokaa wadogo, kina panya na vicheche na dikidiki, zikapanda sauti: "Heee! Heee!"

Nguchiro alimsaidia Ngiri kusimama, akampangusa vumbi. Baadaye alimshinda Nguruwe kwa njia ile ile. Nyati naye aliwashinda waliokuwa upande wake, mmoja baada ya mwingine, bila kutoka jasho. Lakini jicho lake halikutoka kwa Nguchiro. Nyati hakuwa mpumbavu, wanangu. Alikuwa amezoea kushinda tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ilipofika zamu yao ya mwisho, Nyati alisema, "Korongo, subiri. Sasa nimeelewa makoti haya yaliletwa kwa nini. Siyo yeye apate kushikwa. Ni yeye apate kushika! Nauondoa ukosi wangu."

"Sheria inasema ukosi," alijibu Korongo. "Mpaka mpinzani wako aafiki. Mama Nguchiro, unasemaje?"

Umati ukazomea. "Usikubali! Usikubali!"

Hila yake ilikuwa imejulikana mbele ya watu wote. Alimtafuta Kakakuona kwa macho. Kakakuona hakutikisa kichwa wala kuitikia, alimtazama tu. Nguchiro akawaza: nikikataa, nikashinda, watasema limeshinda koti, na mwakani watalifuta. Nikikubali, nikashindwa, Kidawa atakunywa tope.

"Nimekubali," alisema. "Auondoe."

Nyati akaurarua ukosi, chwaaa! Akautupa kando.

"Haya!" alisema Korongo.

Nyati hakuja kwa kasi kama Ngiri. Alikuja taratibu, akamsukuma Nguchiro kwa paji la uso, akamwangusha, akamshukia na kifua chake kizima. Nguchiro alitoweka. Watu waliona ncha ya mkia tu.

Huko chini palikuwa na giza na joto. Nguchiro alitaka kupiga kelele, lakini hapakuwa na pumzi ya kupigia. Mkono wake mmoja uliinuka wenyewe, tayari kugonga. Akaushusha. Akavuta hewa kidogo kwa tumbo. Akatoa. Akavuta tena kidogo. Hakuwa amekufa. Alikuwa ameogopa.

Akageuka kiubavu, akapata upenyo mdogo karibu na kwapa la Nyati. Akatoa pua nje.

"Mzee Nyati," alisema kwa sauti nyembamba, "umeanza au bado?"

"Nini?" alisema Nyati.

"Nauliza kama umeanza. Mbona mwepesi leo? Au hukula?"

Waliokuwa karibu wakasikia, wakacheka. Kicheko kikasambaa uwanja mzima. Nyati hakuwahi kuchekwa tangu azaliwe. Masikio yakamsimama. Akainua kifua ili ajipigize kwa nguvu zake zote, na ili ajipigize vizuri alitanguliza mguu wa mbele, akaukita mbali, umenyooka kabisa.

Kipande kimoja cha Nyati!

Nguchiro aliteleza nje kama maji ya kunawa. Akaukumbatia mguu ule kwa miguu yake yote minne, mkia akauzungushia ukwatoni, kiuno akakipachika nyuma ya kiwiko. Kisha akajinyoosha, mwili mzima kuanzia pua mpaka mkia, akisukuma kiwiko kuelekea kule kisikopindia.

"Ebo!" alisema Nyati.

Akajaribu kumkung'uta. Kila alipotikisa, aliuumiza mguu wake mwenyewe. Akajaribu kumlalia. Kulala kukazidi kukaza. Akajaribu kusimama. Kusimama kwa miguu mitatu, na wa nne umekumbatiwa na mama mwenye mtoto? Akaenda chini, puuu! Ardhi ikatikisika.

"Gonga, mzee," Nguchiro alimwambia polepole. "Sitaki kukuvunja. Utauhitaji mguu huu."

Nyati alijaribu kuuvuta mguu mara ya mwisho. Jasho likamtiririka puani. Ndipo akainua ukwato wa pili.

Pu.

Pu.

Pu.

Nguchiro aliachia papo hapo. Korongo akainua bawa lake upande wa Nguchiro, na sijui nianzie wapi kuwaeleza kelele zilizofuata. Kidawa alikimbia akarukia mgongo wa mama yake, naye mama, aliyekuwa ameubeba uzito wa Nyati, akaanguka kwa uzito wa mtoto, wakacheka wote wawili mavumbini.

Wadogo wakapaza sauti: "Tupangie zamu, Mama Nguchiro! Wakubwa wanywe tope miaka mitatu, waonje!"

Nguchiro alikaa akawaza. Ukweli ni kwamba maneno hayo yalimtamanisha. Alikumbuka zile siku tisa.

"Hapana," alisema mwishowe. "Wadogo watakunywa kwanza, kwa sababu sisi tukinywa maji hayachafuki. Wakubwa watafuata, nao watakuta maji safi. Anayetaka kuoga achote akaogee pembeni. Kuanzia leo hapa Mkongoni hakuna atakayekunywa tope."

Kesho yake asubuhi wanyama walijipanga bwawani. Nyuma kabisa alisimama Nyati, akichechemea kidogo, kimya. Zamu yake ilipofika aliinama akanywa. Maji yalikuwa meupe mpaka chini. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Kisha akaenda alikokaa Nguchiro, akatazama huku na huku kuhakikisha Ngiri hayupo karibu.

"Mama Nguchiro," alinong'ona, "ule mguu wangu uliufanyaje?"

"Ulinipa mwenyewe, mzee."

"Nilikupa?"

"Ulinipa. Keshokutwa pita nyuma ya nyumba ya Bi Kakakuona, atakuonyesha. Lakini utaanza kwa kulaliwa."

Nyati alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea Mkongoni, wanangu, nami sikuongeza wala sikupunguza: mwenye nguvu hutumia nguvu zake, mwenye akili hutumia na za mwenzake.