Kiti cha Mama wa Mshindi

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, ni ile ambayo mama zenu bado wanaikumbuka, palikuwa na shule huku kwetu Rungwe, kwenye vilima vya chai. Nyamazeni basi. Na wewe mwenye hindi, tafuna taratibu, nataka kusikika.

Shule hiyo ilikuwa na siku yake ya michezo kila mwaka, mvua zikishakatika. Siku hiyo hakuna aliyekwenda shambani. Mistari ilichorwa kwa chokaa, watoto walivaa bukta nyekundu na bukta za bluu, wengine wakaruka ndani ya magunia na kuanguka chali, wengine wakakimbia na ndimu kwenye kijiko. Walimu walivutana kamba na wazazi, na kila mwaka walimu waliburuzwa, na kila mwaka walisema uwanja una utelezi. Lakini watu walikuwa wakingoja mbio za mwisho, zile ndefu. Unatoka uwanjani, unashuka mpaka darajani, unakipanda tena kilima, unauzunguka uwanja, ndipo unakata utepe.

Walizingojea nini? Kiti! Mshindi wa mbio ndefu hakupewa kikombe wala madaftari. Mama yake ndiye aliyepewa kiti. Anaketishwa, wanaume wanakibeba mabegani, anazungushwa uwanja mzima kwa nyimbo na vigelegele, na mwanawe anatangulia mbele. Mwanamke akishaketi pale, mwaka mzima sokoni anapishwa njia, na hakuna wa kumuuliza yeye ni mama wa nani.

Mwaka ninaousema alishinda msichana anaitwa Sekela. Balaa ndipo lilipoanza, maana Mwalimu Mwaisaka aliposhika kipaza sauti na kutangaza, "Mama wa mshindi aje kwenye kiti!" walikuja wanawake wawili, na wa tatu akasukumwa na watu.

Wa kwanza alikuwa Tumpe. Wengi walikuwa wameshaisahau sura yake.

"Sekela nimemzaa mimi," akasema. "Alizaliwa nyayo zimepinda, zinatazamana. Wakwe zangu wakasema huyu hatembei, mwache. Sikumwacha! Nilimbeba mgongoni kila wiki mpaka hospitali ya misheni, anafungwa plasta, analia, narudi naye kwa mguu, mvua inatunyeshea. Hiyo miguu mliyoishangilia leo, nani aliinyoosha?"

Ni kweli, aliinyoosha yeye. Lakini watu wakakumbuka na mengine. Tumpe alipoachana na baba yake Sekela, aliolewa Kyela, na mume mpya akasema mtoto wa mwanamume mwingine hamtaki. Tumpe akamwacha Sekela akiwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Hakuonekana tena mpaka mume huyo alipofariki, ndipo akaja siku ile na nauli ya watu wawili, anasema amemfuata mwanawe.

Wa pili alikuwa Subilaga, mke wa baba yake Sekela.

"Dada, kuzaa umezaa, na nakushukuru," akasema. "Ila ulipoondoka, nani aliikanda miguu hiyo kwa maji ya moto kila jioni? Alipougua surua, nani alikesha naye? Hebu mwite sasa hivi, uone kama atakuitika. Ukikaa kwenye kiti hicho mbele ya kijiji kizima, kesho unapanda naye basi, na mimi nitasema nini?" Akalia pale pale, bila kujificha.

Na hilo ni kweli. Lakini asubuhi ile ile Subilaga alikuwa amemkataza Sekela kukimbia, na bukta yake akaificha chini ya godoro. Alisema anaihofia ile miguu. Sekela akachukua bukta kuukuu ya kaka yake, akatoroka nayo mpaka uwanjani.

Hiyo bukta sasa, jamani! Wakati wa kupanda kilima, Sekela yuko mbele ya wenzake wote, mpira wa kiunoni ukakatika. Cheka tu, hata siku ile walicheka. Mtoto akasimama kando ya njia, ameishika bukta kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na nyuma anakuja Bupe, anahema, anamkaribia.

Basi hapo hapo kando ya njia alikuwa amesimama Mama Bupe. Nielewe vizuri. Mwanamke huyu hakuwahi kukaa kwenye kile kiti, na alikitaka hasa. Mwaka uliopita binti yake alikikosa kidogo tu. Safari hii alikuwa amepiga pasi kitenge chake tangu jana yake, na kichwani kafunga kilemba kipya. Angekaa kimya tu, kiti kilikuwa chake. Yeye akavua kilemba, akakizungusha kiunoni mwa Sekela, akakaza fundo, akamwambia, "Kimbia, mwanangu!"

Bupe alipita wakati huo huo, akayaona yote. Sekela akamfukuza, akamkuta uwanjani, akakata utepe mbele yake. Mwalimu Mwaisaka akasema kufungwa nguo si kosa, kosa ni kubebwa.

Mama Bupe ndiye huyo wa tatu aliyesukumwa. "Bila wewe mtoto angekuwa bado ameshika bukta!" watu walimpigia kelele.

"Mimi si mama yake, na sikuja kudai," akasema Mama Bupe, kichwa wazi. "Ila msiniulize kama nakitaka. Nakitaka sana. Kilikuwa changu, nikampa mtoto wa mwenzangu."

Mwalimu Mwaisaka akajikuna kidevu, akashusha kipaza sauti. "Sekela, mwanangu, mimi nimeshindwa. Mshike mkono mama yako, umpandishe."

Sekela akawatazama. Tumpe alikuwa akiitazama miguu yake tu. Subilaga alikuwa akijifuta machozi kwa upande wa kanga. Wabebaji wa kiti, waliokuwa wamechuchumaa muda wote huo, wakaanza kulalamika magoti.

Ndipo Bupe akapenya katikati ya watu, vumbi mwili mzima. "Mama," akasema, "ukikaa hapo, mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Sekela akanyoosha mkono wake.

Mnanikodolea macho ya nini? Sisemi aliushika mkono wa nani. Yupo aliyempa miguu akaondoka. Yupo aliyemlea akamfichia bukta. Yupo aliyempa ushindi, akamnyang'anya binti yake mwenyewe. Wote wanasubiri, na kiti ni kimoja. Haya, anza wewe unayejifanya umelala: siku ile, mama wa mshindi alikuwa nani?