Maziwa ya Nge

Msicheke. Anayetaka kucheka aende akachote maji, nami nitabaki na wanaotaka kusikia. Nasema zamani nge alifugwa ndani ya nyumba, kama paka anavyofugwa leo, na hakuwa na sumu hata chembe. Mkia alikuwa nao, lakini ulikuwa mkia tu. Alikula mende na mchwa, akalala pembeni ya kinu, na watoto walimchezea viganjani.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Umazi. Alikuwa amezaa mara tatu na kuzika mara tatu, wote kabla hawajatimiza siku kumi. Mumewe alikuwa mtu wa kuwinda mbali, hivyo mwenzake hasa alikuwa nge wake, jike, aliyempa jina la Tunu. Kila asubuhi Umazi alinyoosha mkono, Tunu akapanda mpaka begani, wakaenda shambani pamoja. Watu walimsema. Yeye hakujali, maana aliyefiwa hivyo ana nini tena cha kuonea haya?

Basi Tunu akashika mimba. Umazi alifurahi mpaka akaiogopa furaha yake. Asubuhi moja alimkuta amejifungua watoto ishirini, weupe, laini kama punje za wali, wamejazana mgongoni kwa mama yao. Umazi alilia. "Hawa sitawazika," akasema.

Akafanya kama alivyofundishwa. Na hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu ujinga huu ulikuwa wetu wenyewe, hatukuazima kwa mtu. Siku zile ilikuwa mwiko mtoto mchanga kunyonya maziwa ya kwanza, yale ya njano. Eti ni uchafu wa mimba! Mama aliyakamua akayamwaga kwenye majivu, na mtoto akachukuliwa na shangazi kwa siku saba, akinyweshwa uji mwepesi. Aliyepona, alipona. Aliyekufa, ilisemwa mizimu imemtaka.

Umazi aliwatoa watoto wa Tunu mgongoni mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku. Hakuwa na haraka, hakumuumiza hata mmoja. Akawalaza ndani ya kibuyu alichokitandika pamba, akawapikia uji wa mtama, akawadondoshea kwa ncha ya unyoya. Naye Tunu akafunikwa kwa chungu upande wa pili wa nyumba, apumzike, Umazi akawa anamsukumia mchwa kwa chini bila kumfunua. "Siku saba tu, mwenzangu," alimwambia. "Zikiisha nitakurudishia wote."

Siku ya pili walikufa watano. Siku ya tatu walikufa tisa. Umazi aliupoza uji, akauongeza maji, akawatoa juani, akawarudisha kivulini. Mwishowe alimwita Bibi Nyevu, mama mkwe wake, aliyekuwa mkunga wa kijiji kizima. Bibi Nyevu alichungulia kibuyuni, akatikisa kichwa.

"Yote umefanya sawa," akasema. "Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Siku ya nne, jua la utosi, alibaki mmoja. Umazi alishindwa kuvumilia. Alifunua chungu amrudishe mtoto kwa mama yake, mwiko uende zake. Loo! Mgongo wa Tunu ulikuwa umelowa chapachapa. Matone ya njano yalimtoka kati ya magamba, yakamtiririka ubavuni, na pale alipolala udongo ulikuwa umeshikana kwa maziwa ya siku nne. Yule mtoto akapandishwa mgongoni, akafungua kinywa, akafa hapo hapo.

Umazi alikaa chini. Kisha akamgeukia mama mkwe wake, aliyekuwa bado amesimama kando ya kibuyu.

"Mama, na wangu?"

Bibi Nyevu akakiinamia kibuyu.

"Wangu watatu, Mama. Nilikuwa nakamua kwenye majivu huku nawasikia wakilia kwa shangazi yao. Kifua kinaniuma mpaka nang'ata mkeka. Ukaniambia vumilia, siku saba tu. Na wangu je?"

"Sikujua, mwanangu," alisema Bibi Nyevu. "Nami nilifanyiwa hivyo hivyo."

Umazi akamnyooshea Tunu mkono. Lakini maziwa yaliyokosa wanywaji hayakauki hivi hivi, mama yeyote atawaambia. Yale ya Tunu yalikuwa yameshuka mkiani yakachacha, yakawa makali. Tunu aliupinda mkia juu ya mgongo mtupu, akamchoma kiganjani. Umazi alipiga yowe, ila mkono hakuuondoa.

"Choma," akasema. "Choma tena. Mimi sikuwa na mkia."

Tunu akatoka mlangoni, akaingia chini ya jiwe, na hakutoka tena alipoitwa.

Na tangu siku hiyo nge hukaa chini ya mawe, ana sumu mahali pa maziwa, na akizaa huwabeba wanawe mgongoni mpaka wavue ngozi ya kwanza, mkia juu, wala hataki mkono wa mtu hata ukija kwa wema. Huku kwetu nako maziwa ya njano hayamwagwi. Mtoto huyapata papo hapo, damu haijakauka. Aliyeanza kuwafundisha wanawake hivyo ni Bibi Nyevu mwenyewe, nyumba hadi nyumba, na hakuna nyumba aliyomaliza kusema bila kulia. Umazi alikuwa akimsikia anapopita. Hakuzaa tena.