Basi Lililopumua Jua la Utosi

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya magari, mume na mke waliishi ndani ya basi. Waling'oa viti, wakatia kitanda na jiko, wakawa wanahama nalo gulio hadi gulio wakiuza vitambaa. Mume, Masanja, akafia humo humo, kitandani, upande wa dirisha. Mkewe Nyamizi akabaki peke yake.

Arobaini ilipopita, maji yakaanza kuvuja. Tone, tone, juu ya mto wa kulalia wa marehemu. Kilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, na yalivuja wakati wa jua la utosi tu. Nyamizi akakinga bakuli, likajaa. Akaonja: baridi kama maji ya mtungi. Mto ukaota kuvu, mbao zikaanza kuoza, na hakuwa na nyumba nyingine. Siku ya saba akaapa mbele za watu: "Atakayeziba mvujo huu, nikifa basi hili ni lake."

Akaja Kalekwa, wifi yake. Akagongagonga kuta, sikio ukutani. "Wifi, maji huingia pengine yakatokea pengine. Tundu haliko hapa kitandani." Akafunga madirisha, akapaka paa zima povu la sabuni, akaazima mvukuto wa mhunzi, majirani wakavukuta hewa ndani, naye akapanda ngazi kutazama. Huko mbele, hatua sita kutoka kitandani, povu likatutumka. "Lile pale!"

Wakauacha mvukuto. Povu likanywea. Kisha likatutumka tena, likanywea, likatutumka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Kalekwa akashuka ngazi mbio, asipande tena.

Akapanda Lushinge, fundi bati, mtu baki. Akakwangua gundi kuukuu, akafuta kutu. Kila alipopaka gundi mpya, pumzi ya ndani ikaisukuma nje. "Ubao wa chini ya bati umeoza!" akapaza sauti. "Aingie mtu akaze ubao mwingine kwa ndani mpaka gundi ishike."

Watu wakarudi nyuma. Akaingia Siwema, binti wa Masanja kwa mke wa kwanza, akausukuma ubao kwa mabega. Nyamizi, aliyesimama nje, akaona dirishani midomo ya binti ikicheza, kama anayemjibu mtu. Jua likasogea. Gundi ikashika. Povu likatulia.

Masika yakaja, mvua zikapiga, mto wa kitandani ukabaki mkavu. Lakini Nyamizi hakupata usingizi. Kimya kile cha basi lisilopumua tena kilimlemea, akaugua. Wale watatu wakaja kudai basi.

Kalekwa akasema, "Bila mimi mngepaka gundi juu ya kitanda mpaka kiyama."

Lushinge akasema, "Tundu likionekana bado ni tundu, mama. Wewe ulilikimbia, mimi nikaliziba. Tena sina undugu hapa wa kunisukuma."

"Baba aliniita kwa jina langu la utotoni," Siwema akasema. "Akaniambia, 'Niachie upenyo, mwanangu.' Nikamwambia, 'Nisamehe, baba,' nikakaza ubao. Nyinyi mlishika sabuni na gundi. Mimi nilimfungia baba yangu, na hata leo sijui kama nilimfungia nje au ndani."

Nyamizi akawatazama mmoja mmoja. Pumzi zilikuwa zinamwisha, na kiapo ni kiapo. Akafumbua kinywa ataje jina.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: mngekuwa yeye, mngemtaja nani?