Chafya Mbele ya Kiti Kitupu

"Shauri la Kupiga Chafya Mbele ya Kiti cha Enzi, Kiti Kikiwa Kitupu." Ndivyo shauri lilivyoitwa, nami silipunguzi neno.

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kamba, na karatasi!

Hapo kale Mfalme Nyati alimfunga Makame, mfagiaji wa ukumbi, kwa chafya hiyo. Hukumu ni kunyongwa. Lakini sheria ni sheria: shauri moja, karatasi moja, kusomwa mara moja. Isiposomeka, si hukumu. Na karatasi zilikuwa zimekwisha.

"Nani hutengeneza karatasi?" akauliza Nyati.

"Bi Kidawa, mtukufu," akajibu Korongo, karani wake. "Mke wa Makame."

"Basi atengeneze. Kesho adhuhuri iwe hapa. Akichelewa, kamba mbili."

Kidawa akachemsha maganda ya mgomba kwa maji ya majivu, akayatwanga, akachota rojo kwa chekecheke. Mwisho wa kazi, siku zote, huipaka karatasi uji mwembamba wa muhogo, wino usitawanyike.

Asubuhi Korongo akaja. "Kidawa, karatasi!"

"Bado kukamua, bwana karani."

Jua likapanda, akaja. "Kidawa, karatasi!"

"Bado kukauka, bwana karani."

Jua likafika utosini, akaja. Kidawa ameshika chungu cha uji. "Kidawa, karatasi!"

"Bado muhogo, bwana karani."

"Mimi sikuja kula!" Akaipokonya, huyo!

Kidawa akautazama uji. Akautua chini. Akamfuata.

Ukumbini, Makame yuko chini ya kamba. Akanong'ona, "Umeitengeneza vizuri, mke wangu?"

"Vibaya kuliko zote."

Korongo akachovya unyoya, akaandika. Neno la kwanza likavimba. La pili likavimba, likashikana na la kwanza. La tatu likayameza yote mawili.

"Soma!"

Akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Haisomeki, mtukufu."

"Si umeandika wewe?"

"Nimeandika, mtukufu. Lakini kanuni inataka nisome, haitaki nikumbuke."

Nyati akamgeukia Kidawa, pembe mbele. "Umefanya nini?"

"Niliomba muda wa muhogo, mtukufu. Karani akasema hakuja kula."

Macho yote kwa Korongo. Korongo akabadilisha mguu. Karatasi ni moja, hukumu hakuna: Makame akafunguliwa kamba.

Funzo: mwenye haraka ya kunyonga asidharau uji. Hadithi yangu nimeianika. Mwenye muhogo aipake.

Na kilichotokea hasa ni hiki: mtu alifagia vumbi, akapiga chafya, akaenda nyumbani.