Mbwa Aliyefunzwa Kunyamaza

Mbwa uliyemnyamazisha, usimuulize mbuzi walipita wapi.

Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia asubuhi kwenye mkutano wa maji, yule mama alipomjibu mwenyekiti, watu wakacheka na nyinyi mkacheka nao. Kisha mmetoka pale mnaulizana yana maana gani. Mtu kucheka kwanza ndipo aulize, hayo ni ya siku hizi. Haya, kaeni. Aliye na simu aifunike au atoke nayo nje, maana jambo hili halisimuliwi mara mbili. Methali hii ina wazazi wake na ina kilima ilichozaliwa, na ilianza hivi.

Huku huku milimani Taita palikuwa na mwanamke aitwaye Mkawasi. Mumewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule bondeni miaka mingi, na alipostaafu akarudi nyumbani na kitanda cha mbao, redio, na mazoea ya kutiiwa. Jina lake Mwakideu, ila hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mwalimu, naye akamwita mkewe Mama Mghoi, kwa jina la mtoto wao. Mkawasi alikuwa amelitunza shamba lile peke yake muda wote huo, akimwona mume mwisho wa mwezi na wakati wa likizo, na mambo yake yalikuwa yamenyooka. Mume alipokuja kukaa moja kwa moja, alimfurahia kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuona jinsi siku ilivyo ndefu.

Maana Mwalimu aliliendesha boma kama shule. Chai saa moja. Kumkagua ng'ombe saa mbili. Saa saba habari za redio, baada ya habari ugali, na baada ya ugali alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba mpaka saa kumi. Katika saa hizo hakutaka kusikia hata sufuria ikiguswa. Mkawasi alikuwa akiosha vyombo kwa kunyata, mwanamke mzima, tena jikoni mwake mwenyewe.

Ukiacha ng'ombe na kuku, wanyama wa boma lile walikuwa wawili. Paka aliitwa Shemeji, kwa sababu alifika bila taarifa, akawa anakula wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini. Huyo Mwalimu alijaribu kumfundisha asilale juu ya magazeti, akashindwa kwa siku mbili, akatangaza kwamba paka hana akili. Mbwa naye aliitwa Hayawahusu. Jina hilo alimpa Mwalimu mwenyewe, majirani walipomsema kwamba amerudi kutoka kazini mikono mitupu. Kila jioni alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba akimwita mbwa kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili, na majirani walisikia. Ndivyo watu wa huku wanavyosemezana na majirani kupitia mbwa, na msijifanye hamjui.

Hayawahusu alikuwa mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Na alibweka. Alimbwekea mgeni, akawabwekea kuku wa nyumbani, akabwekea shuka kwenye kamba na jani la mgomba lililoanguka tangu jana. Mkawasi alikwisha kumzoea. Alijua mbweko wa mgeni, mbweko wa kunguru na mbweko wa bure tu, na akiwa shambani alipata habari zote za nyumbani bila kuinua kichwa. Lakini Mwalimu alikuwa akigutushwa usingizini kila saa nane, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mbwa huyu hana adabu," alisema. "Sijapata kushindwa na darasa la kwanza, sitashindwa na huyu."

"Mwalimu, kazi ya mbwa ni kubweka."

"Kazi ya mbwa ni kulinda, Mama Mghoi. Kubweka ni makelele."

Mkawasi alimtazama, akaona hapo hapana mazungumzo, akaenda kumwagilia miche yake.

Miche hiyo ndiyo kiini cha habari yote, kwa hiyo sikilizeni. Kina mama ishirini wa kilima kile walikuwa na kikundi chao. Mwaka ule kila mmoja alileta mbegu zake za kabichi, wakaziotesha pamoja katika kitalu kimoja, ili mvua za vuli zikianguka kila mtu abebe miche yake akaipande. Walichagua shamba la Mkawasi kwa sababu lina chemchemi isiyokauka, na kwa sababu lina mbwa asiyelala. Mkawasi alifanya kitalu akakizungushia fito, akakifunika kwa nyasi kavu, akawa anamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu. Mche usiopandwa mvua za kwanza hauna maana, na mwenye kukosa kabichi za vuli hukosa kitu cha kupeleka sokoni mpaka mwaka ugeuke. Ishirini walikuwa wamemwamini mmoja.

Mwalimu akaanza masomo yake. Alikaa barazani na kibakuli cha ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama. Kitu kikipita na mbwa akabweka, alifungwa nyuma ya choo bila kula. Kitu kikipita na mbwa akanyamaza, alipewa tonge na kusifiwa. Mwanamume huyohuyo aliyelalamika kwamba nyama inaisha upesi nyumbani, sasa mchuzi ulikuwa wa mbwa. Mkawasi aliona, akameza mate, akapika mchicha.

Ilichukua wiki tatu. Mbwa si mjinga, ndugu zangu. Hayawahusu alielewa kwamba kila anapoona jambo geni, la kufanya ni kufumba mdomo, kwenda barazani, kuweka kidevu juu ya goti la Mwalimu, na kungoja tonge. Mwalimu alikuwa akiwaonyesha wageni. "Tazameni," alisema, "hiyo ndiyo nidhamu." Wageni walishangaa, wakanywa chai, wakaondoka. Mkawasi peke yake ndiye aliyejua gharama yake. Siku moja mchungaji wa kanisa alimkuta, bila mbwa kubweka, amepandisha leso hadi magotini akikanyaga samadi, na mchungaji alikuwa amesimama nyuma yake muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Mkawasi aliona aibu, akaishusha leso harakaharaka.

Wiki hiyohiyo kitanzi cha waya cha lango la kitalu kikakatika. Mkawasi akaenda kumwambia mumewe. Ilikuwa saa nane, na Mwalimu aliinua kidole bila kufumbua macho. Akamwambia tena kesho yake, redio ikisema, akaambiwa asubiri habari ziishe. Mara ya tatu alimfuata zizini asubuhi, akidhani huo sasa ni wakati mzuri.

"Mama Mghoi," Mwalimu alisema, "lango, lango, lango. Umekuwa kama yule mbwa kabla sijamfundisha."

Neno hilo lilimchoma Mkawasi. Alikata ganda la mgomba, akasokota kamba, akalifunga lango kwa hilo, na tangu siku ile hakulitaja tena mbele ya mumewe. Alipika, akaandaa meza, akanyamaza. Mwalimu akaona nyumba imetulia, akafurahi.

Mvua ya kwanza ilianguka usiku wa Jumapili. Jumanne mchana Mkawasi alikwenda kwa Mama Kililo, mwenyekiti wa kikundi, kupatana kwamba kesho yake asubuhi kina mama wote waje na vikapu. Alipokuwa akitoka alisema, "Mwalimu, nakwenda, kiangalie kitalu," na Mwalimu akajibu, "Mbwa yupo."

Alirudi saa tisa na nusu. Boma lilikuwa kimya kabisa, na alipokuwa akipanda njia ya mgombani alijiambia kwamba kimya hicho kinamkera, halafu akajilaumu kwa kukereka bure. Kisha akafika kwenye kitalu.

Mbuzi watano wa jirani walikuwa ndani, kamba zao zikiburuta chini. Kamba ya mgomba haikuwapo, maana mbuzi huila hiyo nayo, na ndiyo waliyoanzia. Nyasi za kufunikia zilikuwa zimesukumwa pembeni. Miche ilikuwa imeliwa mpaka kwenye udongo, tuta baada ya tuta, na mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kushiba na kulala juu ya tuta la mwisho. Walikuwa wamekula kwa nafasi, bila kuharakishwa na mtu.

Mkawasi aliwatoa kwa mawe na kwa kikapu. Halafu aliketi juu ya jiwe la chemchemi, akalia kwa hasira kwanza, kisha akalia tu. Alikuwa akiwaona kina mama ishirini wakija kesho na vikapu vyao. Alipomaliza alifuta uso kwa leso, akapanda barazani.

Mwalimu alikuwa kitini, nusu macho nusu usingizini. Shemeji alikuwa amelala juu ya gazeti la jana. Hayawahusu alikuwa ameweka kidevu juu ya goti la bwana wake, mkia ukipiga sakafu, na kibakuli cha ugali kilikuwa kitupu.

"Mwalimu," Mkawasi alisema, "huyu mbwa amekuja hapa mara ngapi leo?"

"Mara tano, sita. Leo amekuwa mzuri kuliko siku zote. Nimempa ugali mpaka umeisha."

"Alikuwa anakuja kukuambia. Inuka ukaone."

Mwalimu aliinuka, akashuka, mbwa nyuma yake, akaona matuta matupu na nyayo za mbuzi. Alivua miwani, akaivaa tena. Yeye alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mtu mbaya, na alijua ile miche ilikuwa ya nani. Ila mtu aliyezoea kuuliza maswali hawezi kuanza na jibu. Akaokota ufito, akamwelekezea mbwa.

"Wewe ulikuwa wapi? Mbuzi wote hao walipita wapi wewe usiwaone?"

Hayawahusu aliketi wima, mdomo umefumbwa vizuri, macho kwenye mkono wa bwana wake. Alikuwa akingoja tonge.

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Na wewe, mbona hukuniambia kwamba lango lile halifungiki?"

Mkawasi alikuwa na maneno mengi ya miaka mingi. Alitafuta la kuanzia, akaona yote ni marefu.

"Mbwa uliyemnyamazisha," alisema, "usimuulize mbuzi walipita wapi."

Alisema taratibu, wala hakupaza sauti. Mwalimu akautupa ufito chini.

"Kesho kina mama wanakuja," Mkawasi akaendelea. "Mimi sitasema kitu. Utawapokea wewe."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ulichofundisha."

Asubuhi wakaja, wote ishirini kasoro mmoja aliyekuwa anauguliwa, vikapu mikononi, wanacheka kwa ajili ya mvua. Mwalimu alisimama mbele ya kitalu. Alikuwa amesimama mbele ya wazazi na wakaguzi maisha yake yote, lakini siku hiyo alikosa pa kuweka mikono. Waliangalia matuta, vicheko vikakatika.

"Lakini si mna mbwa?" Mama Kililo aliuliza. "Hapa tulileta mbegu kwa sababu ya mbwa."

"Mbwa ninaye," Mwalimu alisema. "Nilimfundisha kunyamaza. Na huyu mama aliniambia habari za lango mara tatu, naye nikamnyamazisha." Akawaeleza mpaka mwisho, na alipofika kwenye jibu la mkewe alilisema kama alivyoambiwa, hakulipunguza.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliguna, mwingine akageuza kikapu chake chini juu akakikalia. Msidhani walimsamehe palepale. Waliotesha mbegu upya, wakapanda wiki nne nyuma ya mvua, na kabichi nyingi hazikufunga. Krismasi ile nyumba nyingi kilimani zilipika sukuma wiki badala ya kabichi. Kila mama alipoulizwa na wanawe kwa nini, aliwajibu kwa maneno ya Mkawasi, na hivyo ndivyo yalivyosambaa mpaka yakafika kwenye mkutano wenu wa maji.

Mwalimu alitengeneza lango siku hiyohiyo kwa waya mpya. Akahamisha kiti chake kutoka barazani akakiweka kando ya kitalu, na hakusinzia tena saa nane. Mkewe alipoanza kusema jambo, alizima redio. Hayo aliyaweza.

Kilichomshinda ni mbwa. Alijaribu kila njia kumrudisha katika kubweka, na Hayawahusu hakubweka tena. Mtu akipita njiani, mbwa alifumba mdomo na kuja kukaa kwa adabu miguuni pa Mwalimu. Kwa hiyo saa nane za mchana, kilima kizima kikisikia, mwalimu mkuu mstaafu alipiga magoti katikati ya matuta, shingo ameinyoosha, akambwekea mbwa wake: hu, hu, hu. Akanyamaza, akamtazama. Mbwa akamtazama naye, kwa heshima zote. Akabweka tena.

Majirani walijipanga ng'ambo kutazama. Wakamwita Mkawasi, wakamwambia kwa jina la Mungu akamkataze mumewe, anajiaibisha. Mkawasi alikuwa jikoni anaosha sufuria, akiigonga atakavyo. Alisikiliza mbweko ule mbaya unaotoka kitaluni, ukianza na kukatika na kuanza tena.

"Mwacheni," alisema. "Mimi simkatazi mtu."

Sasa mmeelewa kwa nini mwenyekiti wenu aliinama alipojibiwa asubuhi, yeye ambaye mwaka mzima amewaambia kina mama waketi chini waache kelele kuhusu bomba, na leo bomba limepasuka anauliza mbona hakuambiwa. Mbwa uliyemnyamazisha, usimuulize mbuzi walipita wapi.